Kinu cha Kahawa Safarini

Somo la mwezi huu lahusu kahawa, na hasa yule mtu ajionaye mjuzi wa kahawa anaposafiri pamoja na jamaa zake. Twaandika sisi wawili, mume na mke, kwa sababu ugonjwa huo ni wetu sote, na watoto wetu wameuvumilia miaka mingi.

Hapa Tanga twakaanga buni wenyewe katika kikaango cha chuma, tukikoroga bila kupumzika hata tusikie zikipasuka. Twazisaga asubuhi ileile ya kunywa, wala si kabla. Jambo hili si madaha matupu. Harufu ya kahawa imo katika mafuta yake, na buni iliyokaangwa ikiwa nzima huitunza harufu hiyo kwa majuma kadhaa. Ikisagwa, harufu huanza kutoroka siku hiyo hiyo. Tena yafaa kujua kuwa kahawa ziko aina mbili kubwa. Arabika hupenda milima na baridi. Ni laini, ina uchachu kidogo. Robusta hustahimili joto na nchi ya chini. Ni chungu zaidi, na kafeini yake, yaani kile kinachomfukuzia mtu usingizi, hukaribia kuwa mara mbili ya ile ya arabika. Sisi ni watu wa arabika. Kahawa chungu ya barazani, ile ya dele na kashata, twainywa pia, lakini hiyo ina heshima yake mbali.

Basi Desemba ya mwaka 2022 tulipanda basi kwenda Marangu, kumtembelea dada yetu aliyeolewa huko. Tulikuwa na watoto wanne, na shangazi yetu ambaye ni mtu mzima sana. Katika kikapu tulitia kinu kidogo cha mkono, kichujio cha kitambaa, na buni nusu kilo. Basi liliposimama Mombo, watoto walitaka mahindi ya kuchoma. Sisi tulikwenda huku na huku kutafuta maji ya moto. Dereva alipiga honi mara tatu. Shangazi ndiye aliyesimama mlangoni akikataa kukaa mpaka tumerudi, na watoto hawakupata mahindi.

Tulifika jioni. Nyumba imo ndani ya migomba, na chini ya migomba kuna mibuni, kama ilivyo desturi ya mlima ule. Mama mkwe wa dada yetu, ambaye sote twamwita Bibi, alituletea sinia mwenyewe: chupa ya maji ya moto, maziwa, sukari, na kopo jipya la kahawa ya unga, ile ya kukoroga tu. Tukasema, "Asante Bibi, usijisumbue, tunayo yetu." Tukatoa kinu, tukaanza kusaga. Kinu kile kina kelele. Bibi alitazama kidogo, akaondoa sinia, akarudi nalo jikoni. Asubuhi ililetwa chai, na kopo hatukuliona tena.

Shangazi alitungoja mpaka tuko peke yetu nje. "Wanangu," akasema, "mmekuja ukweni na kinu?" Kisha akatueleza aliyoyasikia jikoni. Katika nyumba ile hunywewa chai. Dada alikuwa amesema kwamba wageni wa Tanga wanapenda kahawa, na Bibi akamtuma mjukuu ashuke mpaka dukani kununua kopo lile, kwa fedha yake mwenyewe.

Hapo tuliona haya, lakini pia tulistaajabu. Yawezekanaje nyumba iliyozungukwa na mibuni inunue kahawa dukani? Jibu lake lafaa kujulikana na kila mnywaji. Mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema mwaka 1898, na wenyeji wakaipokea kwa bidii kama zao la kuuza. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Karo za shule nyingi na mabati mengi ya mlimani yametoka humo. Basi mkulima huchuma matunda mekundu, huyamenya kwa mashine ya mkono, huyaacha yachachuke ili ule utelezi uachie, huosha, kisha huanika juani. Lakini buni bado ina ganda lake gumu. Kazi ya kukoboa hufanyika kiwandani, na kutoka huko sehemu kubwa huuzwa nchi za nje. Bibi ameisafisha kahawa maisha yake yote, naye huiona ikiondoka kabla haijawa kinywaji.

Siku ya tatu tulimwomba kikombe kutoka katika kopo lile. Alilishusha kutoka juu ya kabati, akatukorogea mwenyewe, sukari vijiko vitatu. Tulimaliza. Akauliza, "Leo kinu kinaumwa?" Watoto wakacheka, naye akacheka, ila hakuketi nasi kama alivyoketi usiku wa kwanza kabla ya sinia. Hilo hatujaweza kulirudisha.

Mwaka uliofuata tulialikwa arusi Bukoba, nchi ya robusta. Huko kahawa ilijulikana kabla Wazungu hawajaja. Matunda yake huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na hutafunwa. Mgeni hupewa chache kiganjani kabla ya mazungumzo. Zamani watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu walikula punje mbili za tunda moja, zimepakwa damu yao. Tulipopewa zetu tulizitia kinywani sote, na mtoto wa mwisho akakunja uso lakini hakutema.

Kinu hatukukiacha nyumbani, hatutaki kuwadanganya. Kilikuwamo kikapuni, kimefungwa kwa kanga. Tulikitumia siku tuliyolala nyumba ya wageni, alfajiri, uani, kabla watoto hawajaamka, nasi tulikuwa tayari tumekwisha kuuliza basi laondoka saa ngapi.

Kwa mazungumzo nyumbani na katika kikao cha Umoja wa Mama: Je, mgeni akikataa ulichomnunulia, wakiondoa wapi chombo kile, na wakaa naye vipi siku zilizobaki? Na wewe, je, ni kitu gani usichoweza kusafiri bila hicho, na katika jamaa yako ni nani anayekibeba?