Vesti ya nje, vesti ya ndani: msamiati wa mkanda na mavazi ya tabaka

Lengo la somo: mwanafunzi aweze kueleza kwa maandishi vazi la tabaka kadhaa pamoja na mkanda wake, na fundi wa Uvira na yule wa Kigoma waelewe vazi lile lile.

1. Tatizo

Tuchukue sentensi fupi: «Funga mkanda juu ya vesti.» Hapa Uvira, ambapo majina mengi ya nguo yametoka Kifaransa, veste ni koti la mikono linalovaliwa nje ya shati. Wazee wanaokumbuka abacost ya wakati wa Mobutu wanajua kwamba ile nayo ilikuwa veste, iliyovaliwa bila tai. Lakini Kigoma, Dar es Salaam na Mombasa neno limetoka Kiingereza: vesti ni fulana ya ndani, inayogusa ngozi. Basi msomaji wa Uvira atafunga mkanda nje ya nguo zote. Wa Kigoma ataona mkanda umefichwa chini ya shati, na atashangaa. Ziwa ni moja, neno ni moja, ila tabaka la mwisho limegeuka la kwanza.

Hasara yake inaonekana mezani kwa fundi. Kitenge huuzwa kwa kawaida kipande cha yadi 6. Anayejifunza kushona akifuata maelezo yaliyoandikwa ng'ambo ya ziwa, akakata nguo ya ndani isiyo na mikono pale mteja alipotaka koti, kitambaa hakirudi. Aliyekinunua ndiye anayelipa kosa la neno.

2. Vazi lisilo na mikono

Kiswahili cha pwani kina neno lake: kizibao, vazi fupi lisilo na mikono, linalovaliwa juu ya kanzu au shati. Kwetu wengi husema gilet. Neno hili nalo lina kazi mbili: kwenye bandari ya Kalundu, gilet ni pia vazi la kujiokoa majini. Hilo huvaliwa nje ya nguo zote, na mikanda yake hukazwa. Ikiachwa wazi, maji huliinua vazi hadi usoni. Kwa hiyo tuandike kizibao kwa vazi la pambo, na vazi la kujiokoa kwa lile la chomboni.

3. Kinachofungwa kiunoni

Mkanda ni neno linaloeleweka kote. Mukaba husikika Kongo, na ndugu yake katika Kilingala ni mokaba. Mshipi ni neno zuri la vitabuni, lakini mbele ya mvuvi lina maana nyingine: ni uzi wa kuvulia wenye ndoana. «Mshipi umekatika» ni habari mbili tofauti, kwa fundi na kwa mvuvi. Kibwebwe ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga kiunoni akicheza ngoma au akifanya kazi. Ndipo tunapata msemo kufunga kibwebwe, yaani kujitahidi sana.

4. Mkanda unakaa tabaka gani?

Mifano mitatu inatosha.

a) Zanzibar ya masultani: kanzu ndani, kisha mahazamu kiunoni yenye jambia, kisha joho lililoachwa wazi mbele. Mkanda uko katikati, lakini unaonekana, kwa sababu tabaka la nje halifungwi.

b) Suti ya vipande 3: shati, kizibao, koti. Hapa mkanda wa suruali hufichwa na kizibao, na bizimu yake huweza kuinua kitambaa tumboni. Ndiyo maana wengi huacha mkanda na kutumia bretele, mikanda ya mabegani.

c) Gauni na kizibao kirefu cha kike: ukifunga mkanda nje ya kizibao, tabaka zote mbili zinabanwa na kiuno kinaonekana; ukiufunga nje ya gauni tu na kuacha kizibao wazi, mkanda unaonekana mbele peke yake, na kizibao kinaning'inia huru. Anayevaa libaya na vikwembe viwili anaijua kanuni hii: kikwembe cha pili kikifungwa kiunoni kinafanya kazi ya mkanda na ya pambo pamoja.

5. Neno dogo «juu ya»

«Mkanda juu ya kizibao» unaweza kuwa nje ya kizibao, au mahali palipo juu zaidi mwilini, karibu na kifua. Katika maelezo ya mavazi, tutumie nje ya na ndani ya kwa tabaka. Juu ya na chini ya tuziachie kimo: «mkanda nje ya kizibao, juu kidogo ya kitovu». Tuorodheshe nguo kuanzia ngozini kwenda nje, na kila jina la kukopa tuliongezee sifa moja: mikono ipo au haipo, limefungwa au liko wazi.

Mazoezi

1. Sahihisha ili isomeke sawa Uvira na Kigoma: «Vaa vesti, shati, halafu mshipi juu.»
2. Eleza kwa sentensi 4 vazi la tabaka 3 uliloliona sokoni, bila kutumia neno vesti.
3. Mpe mwenzako maelezo yako ayachore. Mchoro ukitofautiana na vazi uliloliona, tafuteni pamoja neno lililopotosha.