Sauti Safi Kanisani: Kupanga Viwango vya Mikisa



Ndugu msomaji, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza utume Bagamoyo mwaka 1868, walihubiri bila kipaza sauti. Leo parokia zetu nyingi za Pwani zina mikisa na spika, lakini mama mzee wa benchi la mwisho bado anatoka Misani akilalamika: "Nimesikia mluzi tu." Somo limesomwa, yeye hakulipata. Tujifunze basi kupanga viwango.

Kelele huzuiwa mwanzoni

Umeme unaotoka kwenye kipaza sauti ni mdogo sana, sehemu chache za elfu za volti moja. Mikisa huukuza kwa hatua tatu: geini (kitufe cha kuzungusha kilicho juu ya kila chaneli), kitelezi cha chaneli, na kitelezi kikuu. Ukiacha geini chini mno, kisha ukafidia kwa amplifaya, unapandisha pia ule mvumo wa "shhh" wa mikisa yenyewe. Ukizidisha geini, taa nyekundu huwaka na sauti hukwaruza. Hapo kushusha kitelezi hakusaidii, kwani sauti imeshaharibika kabla ya kukifikia.

Hatua za kufuata

1. Shusha geini na vitelezi vyote. Washa mikisa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.
2. Mwombe msomaji asome somo zima kwa sauti yake ya mimbarini. "Haloo, haloo" haitoshi. Kwaya nayo ipimwe kwa kiitikio chenye nguvu zaidi.
3. Pandisha geini mpaka taa za kijani zicheze karibu na 0. Njano iguse mara chache, nyekundu isiwake.
4. Weka kitelezi kikuu kwenye 0, kisha pandisha cha chaneli polepole, huku mwenzako akisikiliza kutoka benchi la mwisho.

Kelele tatu za kwetu

*Mluzi.* Sauti ya spika inarudi kwenye kipaza sauti. Weka spika mbele ya vipaza sauti, msomaji asogee karibu, na funga chaneli zisizotumika. Kila idadi ya vipaza vilivyo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza takriban desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza.

*Mngurumo.* Umeme wetu ni wa hezi 50, nao huingia kwenye nyaya za sauti. Usizilaze pamoja na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Mikisa na amplifaya vichukue umeme sehemu moja. Usikate kamwe waya wa ethi ili kuondoa mngurumo: unaweza kuua mtu.

*Upepo na chumvi.* Kwenye Misa ya nje, karibu na bahari, visha kipaza sauti sponji na ubonyeze kitufe cha kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100. Baada ya Misa, futa plagi kwa kitambaa kikavu na uzihifadhi kwenye sanduku lililofungwa, kwa maana chumvi hula pini na kuleta mikwaruzo.

Mafrateri na vijana wa mitambo, fanyeni zoezi hili Jumamosi, kanisa likiwa tupu. Dominika watu wakijaa, miili yao hunywa sauti, hivyo pandisheni kidogo. Baada ya Misa, mwulizeni yule mama somo lilihusu nini.