Somo kwa Wenye Matrekta: Kufunga Hita Mpya katika Injini ya Dizeli

Wasomaji wetu wa Kitale waijua asubuhi ya mwezi wa Machi. Mvua kubwa zimekaribia, jirani amekwisha lipa fedha ili shamba lake lilimwe, na trekta iliyolala nje haitaki kuwaka. Dereva huzungusha stata mpaka betri ikachoka. Lakini trekta hiyo hiyo ikilala Bungoma, huenda ikawaka mara moja. Watu husema kwamba trekta ina ukaidi. Sivyo, chombo hakina ukaidi, kina sababu. Leo twataka kuieleza sababu hiyo, na kuonyesha jinsi ya kufunga hita mpya pale ya zamani inapokufa.

Sababu ya taabu

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeomba hataza mwaka 1892, na iliyofaulu kazi ilionekana mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huishindilia hewa mpaka ikawa na joto la kupita digrii 500 za Sentigredi, ndipo dizeli hurushwa ndani na kuwaka yenyewe. Basi, joto likipungua, moto haupatikani. Kitale iko karibu meta 1,900 juu ya bahari, na Bungoma karibu meta 1,400. Kule juu hewa ya alfajiri ni baridi zaidi na nyepesi zaidi, na chuma kilicholala katika baridi hunyonya joto lile kidogo linalopatikana.

Kazi ya hita

Tuchukue mfano wa trekta ya Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, yenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Katika bomba la kuvutia hewa imefungwa hita ndogo, na ndani yake mna waya uliosokotwa. Umeme ukipita, waya huo huwa mwekundu kwa moto. Kilango kidogo hufunguka, dizeli kidogo hupenya na kuwaka. Stata inapozunguka, hewa huingia katika injini ikiwa na joto tayari. Kwa hiyo hita hii ni jiko dogo la dizeli, nalo lahitaji vitu viwili: mafuta na umeme wa kutosha.

Namna ya kuifunga

Kwanza, soma maandishi ya hita mpya kabla ya kuinunua. Trekta yenye betri ya volti 12 yataka hita ya volti 12. Hita ya volti 24, iliyotengenezwa kwa malori makubwa, ikifungwa hapo itatoa robo tu ya joto lake. Na hita ya volti 12 ikipewa volti 24 itaungua upesi.

Pili, ondoa kwenye betri ule waya uliofungwa katika mwili wa trekta. Usianze na mwingine, maana spana ikigusa chuma itatoa cheche.

Tatu, safisha tundu la hita mpaka chuma king'ae. Hita ina ncha moja tu ya waya. Umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia mwili wa trekta. Kutu na rangi huuzuia.

Nne, funga bomba la mafuta, kisha hakikisha kwamba dizeli imefika kwenye hita na hewa imetoka. Hita ikiwashwa kavu, huweza kuungua siku ile ile.

Tano, pitisha waya mpya kutoka swichi mpaka hita, mbali na bomba la moshi na mbali na ncha kali. Weka fyuzi ya ampea 20 karibu na mahali umeme unapotoka.

Usidharau waya

Hapa ndipo wengi hukosea. Hita ya namna hii huvuta yapata ampea 12. Kwa volti 12, hizo ni wati 144. Mtu akitumia waya mwembamba wa milimeta mraba nusu, kama ule wa taa ya mezani, wenye urefu wa meta 3, hita hupata wati 119 tu. Sehemu moja katika sita imepotea, na baadhi ya hasara hiyo imegeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Maungio yaliyosokotwa kwa vidole huzidisha hasara. Mwenye trekta huona injini haiwaki, akaambiwa pistoni zimekwisha, akauza ng'ombe ili anunue pistoni, kumbe kosa lilikuwa waya wa shilingi chache. Tumia waya wa milimeta mraba 4. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kuwasha

Geuza ufunguo kwenye alama ya hita, ngoja sekunde 15 mpaka 20, kisha uendelee mpaka kwenye stata. Injini isipowaka, rudi kwenye hita kwa sekunde 10, ujaribu tena.

Jihadharini sana na mambo mawili. Usipulize dawa ya etha katika injini yenye hita. Hita huiwasha kabla ya wakati wake, na mlipuko huweza kuvunja pistoni na kumjeruhi aliye karibu. Tena, usishike kitambaa kinachowaka mbele ya bomba la hewa. Ni desturi ya watu wengi, lakini moto huo huweza kushika mafuta yaliyomwagika, na trekta ambayo familia nzima huitegemea ikateketea kabla ya jua kuchomoza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini trekta huwaka upesi zaidi Bungoma kuliko Kitale?
2. Kwa nini hita yenye ncha moja ya waya yataka tundu safi?
3. Waya mwembamba huleta hasara gani mbili?

Msomaji anayeweza kuyajibu maswali haya, na amfundishe dereva wake kabla mvua hazijaanza.