Tundu Dogo Utosini: Tiba ya Kichwa Kikubwa kwa Watoto Wachanga

Kichwa kikubwa ni ugonjwa unaotokea maji ya ubongo yanapojaa kupita kiasi kwa sababu njia yake imeziba au hayafyonzwi ipasavyo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, hivyo kichwa hutanuka huku ubongo ukibanwa. Chanzo huweza kuwa uambukizi wa siku za mwanzo za maisha, mgongo wazi au kasoro nyingine ya kuzaliwa. Si laana wala uchawi.

Tiba iliyozoeleka ni mpira unaopeleka maji hayo tumboni. Mpira huokoa maisha, lakini huweza kuziba hata baada ya miaka, na mtoto akahitaji upasuaji wa dharura. Kwa familia ya Mgeta au Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, ambako masika huharibu barabara, kuchelewa kunaweza kuua.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1923, mjini Boston, William Mixter alitoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo wa mtoto kwa kifaa cha kuchungulia njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dkt. Benjamin Warf wa Hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, aliiendeleza mbinu hiyo kwa watoto wachanga. Kamera nyembamba hupitishwa utosini. Daktari huyafungulia maji njia mpya, kisha huunguza tishu zinazoyatengeneza. Utafiti wa Mbale uliochapishwa mwaka 2017, kwa watoto 100, haukuonyesha tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya mbinu hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

Si kila mtoto hufaa kwa mbinu hii, na tundu huweza kujifunga, hasa miezi ya mwanzo. Ufuatiliaji ni wa lazima.

Mbinu zote hutegemea ugunduzi wa mapema. Katika kila kliniki, mhudumu apime mzunguko wa kichwa kwa futikamba na kuuandika kwenye kadi. Miezi 3 ya kwanza, kichwa hukua takriban sentimita 2 kwa mwezi. Dalili za hatari ni:

- kichwa kukua haraka kuliko kawaida;
- utosi kuvimba na kukaza;
- macho kuelekea chini daima;
- kutapika, kusinzia au kukataa kunyonya.

Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro bila kusubiri kliniki ijayo, ili apewe rufaa kwa mabingwa wa ubongo, kama wale wa Taasisi ya MOI, Dar es Salaam.