Mgeni wa Bara na Fukuto la Pwani

Kila mwaka watu wengi hushuka kutoka bara kuja Mombasa kutafuta kazi bandarini, viwandani na hotelini, nao hupanga vyumba Likoni, Kisauni na Changamwe. Mgeni hujitayarisha kwa nauli na kodi ya nyumba, lakini ni nadra kujitayarisha kwa hewa. Katika somo hili twataka kueleza hewa hiyo ilivyo, na jinsi ya kuishi nayo bila kudhurika.

JOTO NA FUKUTO

Mgeni huita hali zote "joto." Mwenyeji hutofautisha: fukuto ni joto lililochanganyika na unyevu wa bahari, hasa upepo unapotulia. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Huku Pwani, miezi ya Februari na Machi, kipimo cha mchana hufika digrii 32 au 33. Lakini tarakimu hizo hazielezi taabu yote.

Tazama mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika ukuta wake, hukauka kwa nje, na kule kukauka huondoa joto, hata maji ya ndani yakawa baridi. Mwili hufanya vivyo hivyo kwa jasho. Lakini hewa iliyojaa mvuke haiwezi kulikausha jasho upesi, na jasho linalotiririka tu halipozi mwili. Ndiyo sababu shati hulowa na mtu angali akiona moto.

Hata hivyo mwili hujifunza. Baada ya wiki moja au mbili za kazi katika joto, jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi, na chumvi yake hupungua. Basi hatari kubwa imo katika siku za kwanza. Hamali mpya asishindane na hamali wa miaka kumi. Na anywe maji kabla ya kuona kiu, na akishikwa na kizunguzungu aketi kivulini. Mtu akianza kuropoka au akizimia, na mwili unawaka, huyo yu karibu na mauti: apelekwe hospitali mara moja, na njiani amwagiwe maji na kupepewa. Mwenyeji afanyaye kazi alfajiri na kupumzika adhuhuri si mvivu, ameelimika.

MVUA YA MWAKA

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo ugeukapo kuwa kusi, mwezi wa Aprili, huanza mvua kuu iitwayo mvua ya mwaka, na kwa kawaida Mei huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote. Vuli huja Oktoba na Novemba. Mara nyingine hupita kiasi, kama mwaka 1997, wakati wa El Niño.

Kabla ya Aprili yafaa kuzibua mifereji na kutazama paa. Radi ikinguruma, usijikinge chini ya mnazi wala mwembe, ingia nyumbani. Maji ya mafuriko yakipita vyooni na kuingia kisimani, usiyanywe yasipochemshwa, maana yaweza kuleta kipindupindu.

HOMA SI "MABADILIKO YA HEWA"

Mgeni akishikwa na homa, jamaa zake husema, "Ni mabadiliko ya hewa, yatapita." Neno hilo limewaponza wengi. Mtu aliyekulia nyanda za juu zenye baridi hana kinga ya malaria kama mtu aliyekulia penye mbu wengi. Akichelewa siku chache, na hasa akiwa mtoto au mama mja mzito, aweza kufa. Homa ipimwe siku ile ile, na kila mtu alale ndani ya chandarua.

Kuna na homa ya dengi, iliyoenea Mombasa mwaka 2013. Mbu wake huuma mchana, naye hutaga mayai katika maji safi ya mapipa na mitungi. Kwa kuwa wengi wetu huweka akiba ya maji, kila chombo kifunikwe vema, na makopo na magurudumu yaliyotupwa yasiachwe kukusanya mvua.

AKIBA YA CHAKULA

Desturi ya bara ya kuweka magunia ya mahindi yahitaji uangalifu hapa, kwa sababu unyevu huzaa kuvu, na kuvu nyingine zina sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Nunua kidogo kidogo, weka gunia juu ya mbao mbali na ukuta, na mahindi yaliyoota kuvu yatupwe.

Hewa ya Pwani si adui wa mgeni. Ajifunze kwa jirani yake nyakati za kaskazi na kusi, naye mwakani ataweza kumfundisha mgeni mwingine.