Sukari Ifunikayo Sumu: Kutoka Tumbaku Mwitu hadi Muhogo wa Pemba

Mimea mingi hutengeneza sumu ili kujilinda na wadudu. Je, kwa nini sumu hiyo haiuui mmea wenyewe?

Tumbaku mwitu ya magharibi mwa Marekani, Nicotiana attenuata, inatupa jibu. Kemikali zake za kuwadhuru viwavi hubandikwa sukari na vimeng'enya maalumu. Watafiti walipozinyamazisha jeni za vimeng'enya hivyo, mmea ulishindwa kukua vyema. Sukari, basi, ni ala ya kisu.

Muhogo, chakula cha kila siku kisiwani Pemba, una kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo. Hubandika glukosi kwenye kiambata chenye sianidi, ikapatikana linamarini. Kimeng'enya kingine, linamarasi, huweza kuing'oa sukari hiyo, lakini viwili hivyo hutengwa ndani ya mmea. Seli zikipondwa hukutana, na sianidi hutoka kama gesi. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa, na muhogo mchungu hulowekwa na kukaushwa. Ukichemshwa moja kwa moja katika vipande vikubwa, joto huiharibu linamarasi mapema, na linamarini nyingi hubaki chunguni.

Hatari huzidi wakati wa ukame, kwani sumu huongezeka katika mizizi na watu hufupisha maandalizi kwa sababu ya njaa. Mwaka 1985, katika ukame wilayani Tarime, mkoani Mara, ulizuka ugonjwa wa konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla na kupooza, na ulemavu huo ni wa kudumu.

Kwa mhudumu wa afya: mgonjwa mwenye kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio aulizwe amekula muhogo gani, na uliandaliwaje. Anayepumua kwa shida, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa familia: muhogo mchungu usiliwe mbichi wala usichemshwe tu, umenywe, ulowekwe siku tatu, kisha ukaushwe vyema. Uliwe pamoja na samaki, dagaa au kunde, kwani mwili huhitaji salfa iliyomo katika protini ili kuivunja nguvu sianidi. Desturi ya kuloweka na kutwanga ni kinga. Tusiiache hata tunapokuwa na haraka.