SULHU YA WARITHI JUU YA WASIA, NA KUTIMIZWA KWAKE

Amma baadu. Katika Sura ya Bakara, baada ya kumwonya mwenye kuubadilisha wasia, Mwenyezi Mungu amebainisha katika aya ya 182 ya kuwa hana dhambi aliyechelea upotovu wa mwenye kuusia akawapatanisha wanaohusika. Basi kusuluhiana juu ya wasia kuna asili katika Kitabu. Lakini wengi huidhani sulhu kuwa ni maneno ya kutuliza hasira tu: mtu huikubali leo mbele ya wazee, na kesho akageuka. Dhana hii imepoteza haki za wajane na mayatima wengi.

Bibi Umu Salama amepokea habari ya watu wawili waliomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakigombea mirathi ya zamani wasiyokuwa na ushahidi wake. Alipowajulisha kuwa atakayepewa haki ya nduguye amepewa kipande cha moto, wote wawili walilia, na kila mmoja akasema haki yake amemwachia mwenziwe. Mtume hakuwaacha na machozi yao. Aliwaamrisha wakagawanye, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe.

Na uwekwe mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wanaume, mkubwa na mtoto mdogo, na binti aliyekwisha baleghe. Mali yake ni nyumba ya shilingi 24,000 na shamba la 16,000, na ameusia nyumba iwe ya mwana mkubwa. Wasia kwa mrithi haupiti ila kwa idhini ya warithi wenziwe baada ya mauti, na mtoto mdogo hana idhini, wala wasii wake hawezi kumtolea. Mafungu ni 40: mke 5, kila mwana mwanamume 14, binti 7. Baada ya ugomvi wakasuluhiana: mkubwa achukue nyumba, mdogo apate 14,000 zake kamili katika shamba, mjane apate 2,000 zilizosalia shambani, na 3,000 kwa mkubwa, na binti aridhie 6,000. Mkubwa akalipa 4,000, kisha akanyamaza. Alipodaiwa akasema wasia wa baba haubadilishwi.

Neno lake ni batili. Sulhu hii katika madhehebu ya Imamu Shafi ina hukumu ya kuuza na kununua: yeye amenunua mafungu ya wenziwe katika nyumba. Kabla ya kuachana kikaoni palikuwa na hiari ya kurudi; wakisha kuachana, hapana tena. Binti naye hawezi kurudi akadai 7,000, kwani mwenye mali ndiye mwenye bei yake. Zile 5,000 zilizobaki ni deni, na mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhalimu. Kadhi atamlazimisha, na akikataa, mali yake itauzwa, ijapokuwa ni nyumba ile ile.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wa hati hulisahau. Lau mkubwa angesema, "Sikiri haki yenu, lakini chukueni fedha hizi mniache," sulhu hiyo ingesihi kwa Imamu Abu Hanifa, Maliki na Ahmad, wala isingesihi kwa Shafi. Kwa hiyo hati na ianze kwa kukiri haki na hesabu ya mafungu, ndipo zije bei, siku ya malipo na mashahidi. Kisha ipelekwe kwa Kadhi aihukumie, kwani hukumu yake huondoa khitilafu. Katika Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya mirathi iwapo wote ni Waislamu na wameridhia hukumu yake. Na sulhu ikisha kuandikwa kuwa amri ya mahakama, hutimizwa kama hukumu nyingine.

Ama mtoto mdogo, lau wasii angempunguzia fungu lake ili ugomvi uishe, upungufu huo usingemfunga. Akibaleghe na akawa mwenye busara ya mali, ana haki ya kuudai, hata kama nduguze wote wametia saini.